Mguuni pa Jalala

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Giza lilikuwa bado nene. Mama Fagio alifumbua macho, akabaki kitandani akisikiliza. Ilikuwa sauti ya chuma juu ya jiwe la kizingiti, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu. Dada yake alikuwa akinoa ncha ya kulabu yake, kama alivyofanya kila alfajiri tangu waanze kuishi pamoja. Zamani sauti hiyo ilikuwa ikimbembeleza. Ilimwambia kwamba dada ameamka mzima, chai inakaribia kuiva, na yeye anaweza kuiba usingizi kidogo kabla ya kwenda kazini. Siku hizi ilimfukuza kitandani.

Aliamka, akajifunga khanga, akaenda nyuma ya nyumba. Maji ya kuoga yalikuwa tayari yamepashwa moto na kufunikwa kwa sahani yasipoe. Hayo yalikuwa mambo ya dada yake. Magoti yalimuuma, hata kuinama ilikuwa taabu, lakini hakuacha asubuhi moja ipite bila kumtengea mdogo wake maji.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, ukutani kabisa mwa uzio wa nyuma wa chuo kikuu. Mama Fagio alikuwa mfagiaji wa mabweni, na jina hilo alipewa na wanafunzi. Dada yake alikuja kukaa naye baada ya kufiwa na mume. Siku ya pili tu baada ya kuja, alichukua kipande cha nondo, akakikunja ncha, akaenda kuchambua takataka kwenye jalala la chuo. Alisema hakuja kuwa mlinzi wa kuta. Wachambuaji wenzake walimwita Bibi Kulabu.

Asubuhi hiyo Mama Fagio alijaribu tena kumzuia. Alisema mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kwamba hata msimamizi wa usafi wa chuo alikwisha kataza watu kwenda kule.

"Mvua imenyesha juu ya bati," dada yake akajibu bila kuinua uso. "Mimi nilikuwa chini yake."

Jalala la chuo lilikuwa nyuma ya mabweni, mahali palipochimbwa mawe zamani. Kwanza lilikuwa shimo. Kila kitu kilitupwa humo: mabaki ya jikoni, karatasi za ofisini, viti vilivyovunjika, vitanda vizima vya chuma vilivyobadilishwa enzi hizo chuo kilipokuwa na fedha za kutupa. Shimo likajaa, likawa uwanja, uwanja ukawa kilima, na kilima kikaanza kuyatazama mabweni kutoka juu. Akina mama waliruhusiwa kuchambua. Waliokota plastiki, makopo, karatasi na chuma, wakauza, na chuo kikapunguza mzigo. Waligawiwa hata glovu.

Kulikuwa na desturi pale ambayo hakuna aliyeiandika. Vijana walipanda juu, wazee waliachiwa chini. Kupanda jalala si mchezo, unakanyaga mfuko na mfuko unakukimbia, kwa hiyo wasichana wenye miguu yao walikubaliana kimyakimya kwamba mguuni pa jalala ni pa mabibi. Msichana mmoja mwembamba waliyemwita Kijiti ndiye aliyelishika jambo hilo kuliko wote. Akipata chuma kizito huko juu hakukiweka kwenye kiroba chake. Alikibingirisha, akaita, "Bibi, jitazame, mzigo wako unakuja."

Dereva wa trekta naye alilelewa na bibi yake. Badala ya kumwaga mzigo katikati ya jalala, alirudisha tela kinyumenyume hadi ukingoni, akamwaga hapo, takataka zikateremka zenyewe hadi miguuni pa wazee. Wakati mwingine alichelewa chakula chake kwa ajili ya hilo, na hakuwahi kulitaja.

Basi juu kukawa kunaongezwa, na chini kunapunguzwa. Vile vitanda vya zamani vilikuwa vimelala chini kabisa, na chuma ndicho chenye bei. Bibi Kulabu alianza kwa kuvuta mguu mmoja wa kitanda, kisha mwingine, kisha wavu wa springi. Palipokuwa na mkwaruzo pakawa na shimo dogo, kisha pango, kisha chumba cha kukaa watu wawili na miguu wakainyoosha. Jua likiwaka kulikuwa na kivuli. Mvua ikinyesha kulikuwa kukavu. Aliweka kigoda humo, mkeka na kikombe cha bati. Wenzake wakapaita sebuleni. Wasichana wakipita waligonga kopo, wakapiga hodi, naye akawakaribisha huku akifuta kigoda kwa upindo wa khanga kama mwenye nyumba ya ghorofa. Mzee mwenzake, Bi Chupa, aliyeokota chupa peke yake na kudharau kila kitu kingine, alikuja kila siku kupiga soga.

Kisha mwaka wa masomo ukaisha.

Wanafunzi wakiondoka huacha magodoro. Mwaka huo waliacha mengi kupita kiasi, mengine mapya kabisa. Trekta likawa linayapandisha kutwa nzima. Na kwa kuwa mahafali yalikaribia na wageni wangepita barabara ya mbele, ilitoka amri kwamba upande wa mbele wa jalala usafishwe, mawe yapakwe chokaa, na kila kitu kisukumwe nyuma. Nyuma ndiko kulikokuwa na wazee. Mvua nazo zikaja kabla ya wakati wake. Godoro kavu mtu hubeba kichwani akiimba. Godoro lililolowa hata wanaume wawili hawafui dafu.

Siku moja Mama Fagio alipanda na tela kusaidia kushusha magodoro ya bweni lake. Aliteremka juu ya jalala, akapiga hatua mbili tatu kuelekea ukingoni, na mguu wake ukazama. Haukuzama kama mtu anavyozama kwenye takataka. Ulishuka wima, hadi karibu na goti, na hewa ya joto ikampanda ndani ya sketi. Alipouvuta na kufukua majani, aliona ufa. Ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, mrefu kama baraza la bweni, ukifuata ukingo sawasawa kana kwamba mtu alipima kwa kamba. Harufu iliyotoka humo haikuwa ya takataka anazozijua. Ilikuwa ya kitu kilichofungiwa muda mrefu.

Kutoka chini, mahali palepale penye ukingo, alisikia dada yake akicheka na Bi Chupa.

Alimgeukia dereva. Dereva hakuuliza kuna nini. Aliuona ufa siku nyingi, akasema, naye alikuwa akiujaza majani kila asubuhi, na kila asubuhi aliukuta umeyameza. Akimwaga mbele, kazi hana. Akienda katikati, trekta linazama. Akasema hayo akitazama mikono yake, halafu akampa chupa yake ya maji anawe mguu.

Mama Fagio akaenda kwa msimamizi wa usafi, ambaye kila mtu alimwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Alikuwa na ofisi ndogo iliyojaa mifagio na ndoo, na kiti kimoja. Kiti hicho akampa mama, yeye akasimama. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amekwisha omba buldoza lipunguze kilima, akaambiwa asubiri mahafali yapite. Jioni ileile alikwenda mwenyewe jalalani, viatu vikazama matopeni, akawaambia akina mama kwamba hakuna mtu kugusa chini mpaka mashine ije. Bi Chupa akafunga viroba vyake akaenda kwake. Bibi Kulabu akasema, "Sawa, mwanangu, tumesikia," kwa sauti tamu hata Kofia akaondoka ameridhika.

Ndiyo maana alfajiri hii, kulabu iliponolewa kizingitini, Mama Fagio alijikuta amesimama mlangoni amezuia njia.

Walizozana. Mdogo alisema mengi: ufa, magodoro, maji meusi yaliyoanza kuchuruzika mguuni, mbwa waliokuwa wakilala pale na sasa hawaonekani. Dada mtu alisema jalala lile limesimama kabla hawajaota mvi, na kwamba mtu asimzike angali anakula. Mdogo akamwambia basi akae nyumbani, chakula kipo, anakosa nini? Hapo dada yake akauweka chini ule upande wake wa utani.

"Hapa kwako nakula, nalala, sikosi kitu, Mungu akubariki," alisema. "Lakini hapa mimi ndiye ninayekaribishwa. Kule mimi ndiye ninayekaribisha. Hujui tofauti yake, mdogo wangu, na nakuombea usiijue."

 Mama Fagio alisogea pembeni. Kwa bahati siku hiyo dada yake alikuwa na kliniki ya magoti, akashika njia ya hospitali kwanza, kulabu ikiwa kwapani.

Alipobaki peke yake na ufagio wake bwenini, Mama Fagio aliwaza mpaka akasahau kufagia. Nani alaumiwe? Kijiti anayebingirisha chuma? Dereva anayemwaga ukingoni? Wazee waliopewa mahali pao kwa heshima? Hakumwona mbaya hata mmoja. Kila mtu alikuwa ametoa wema wake, na wema wote huo ulikuwa umekula mguu wa jalala kama mchwa. Akapiga moyo konde. Akaenda kumtafuta Kijiti.

Msichana aliposikia analotakiwa kufanya alilia. Kumwingilia bibi mahali pake, bila hodi? Lakini alikuja. Wawili hao walikokota magodoro, yale makavu ya chini ya turubai, wakaingia sebuleni kwa Bibi Kulabu na kuanza kuyashindilia. Walifanya kazi roho mkononi. Ndani kulikuwa na joto la mwili. Mara moja Mama Fagio alisikia kitu nyuma ya ukuta wa takataka, sauti nzito na ya polepole, kama mtu mnene anayejigeuza kitandani. Maji meusi yakadondoka juu ya kigoda, tone, tone. Aliunyakua mkeka, kigoda na kikombe, akatoka, wakaziba mlango wa sebule kwa magodoro mpaka pasipite hata paka.

Vitu vile aliviosha akavianika barazani. Alidhani ni adabu.

Dada yake aliporudi kutoka hospitali, alipitia jalalani, akaja nyumbani. Alisimama mbele ya baraza akivitazama vitu vyake vimepangwa ukutani, kigoda, mkeka, kikombe, kama vya mpangaji aliyetolewa nje.   Aliingia chumbani kwake, akageukia ukuta. Chakula hakugusa. Siku zilizofuata, kulabu ikishanolewa alfajiri, hakutoka wala hakutamka neno, na mdogo wake akajiambia kwamba hasira zitapoa, uhai haurudi. Alipika, akatenga, akaondoa, akapika tena.

Siku ya mahafali Mama Fagio alichelewa kuamka.

Hakuna kilichomwamsha. Nyumba ilikuwa kimya, jua limeshaingia dirishani, na kwa mbali bendi ilikuwa ikijaribu tarumbeta. Alilala kidogo zaidi, kwa raha, kisha ndiyo akajua kimya kile ni cha nini: kulabu haikuwa imenolewa. Chumba cha dada yake kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa. Kulabu haikuwepo. Nyuma ya nyumba, maji ya kuoga yalikuwa yamefunikwa kwa sahani. Yalikuwa ya moto bado.

Hakuoga. Alikimbia kufuata uzio, akapita tundu ambalo watoto walilitoboa, akakatiza nyuma ya mabweni. Njiani alikutana na watu waliovaa majoho, wakipiga picha, mmoja akamsalimia kwa jina lake na kumwambia asante kwa miaka yote. Aliitikia bila kusimama.

Aliwaona kutoka mbali. Leo hakuna aliyefanya kazi, jalala lote lilikuwa tupu, isipokuwa watu wawili mguuni kabisa. Dada yake alikuwa ameketi chini, kulabu ameikita kwenye godoro, anavuta. Nyuma yake alikuwa Kijiti, anapokea godoro lililotoka na kuliweka kando. Baadaye msichana alieleza kwamba alimkuta bibi akihangaika peke yake. Alimsihi atoke, mara ya kwanza na ya pili. Bibi akamwambia, "Basi nisaidie nitoke mapema." Angekataaje? Akasaidia. Sebule ilikuwa imebaki karibu wazi.

Mama Fagio aliita. Bendi ilikuwa imeanza kupiga. Aliita tena, na safari hii dada yake alisikia, kwa sababu aligeuka, akamtazama kwa macho makavu, kisha akampa mgongo na kuingia ndani.

Jalala likakohoa. Hivyo ndivyo alivyosimulia daima, kwamba lilikohoa. Juu ukingoni magodoro yaliinama yote pamoja, taratibu, kama watu wanaoitikia salamu. Kijiti alijitupa ndani, akamshika bibi kiunoni kwa mikono yote miwili, akavuta. Ukingo ukaachia. Jalala halikuanguka kwa kishindo. Lilishuka likisugua, zito, limelowa, halikutoa hata vumbi, na kule mbele ya mabweni tarumbeta hazikukatika.

Kijiti alitoka akitambaa, mkono mmoja ukining'inia. Bibi Kulabu alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu ilikuwa chini ya chuma na magodoro, na kilima chote kilichobaki kiliegemea juu yake, bado kinapumua. Mama Fagio alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Dereva akaja mbio. Kofia akaja na suti yake ya sherehe, akalala kifudifudi kwenye maji meusi, akachimba kama wengine, na kofia ilipomdondoka hakuna aliyeangalia kichwa chake. Muda wote huo dada yake hakulia. Alishika mkono wa mdogo wake kwa nguvu, lakini uso aliutazamisha kwingine.

Hospitalini walimkata mguu mmoja chini ya goti. Wa pili waliuokoa.

Kila asubuhi, saa za kuona wagonjwa, Mama Fagio alikuja na chupa ya uji. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha juu, kitanda cha dada yake mwisho karibu na sinki. Kila asubuhi alikuta mgongo. Alimwaga uji kwenye kikombe, akakaa, akasimulia habari ndogondogo kwa huo mgongo: mkono wa Kijiti umefungwa plasta, Kofia amemtuma kumpa pole, dereva ametaka kuja ila anaona haya. Kengele ikilia aliondoka. Akirudi kesho yake alikuta kikombe kimeoshwa na kufunikwa, na hilo lilimpa moyo wa kuja tena.

Asubuhi moja aliingia bila habari ndogo. Alikaa muda akizungusha kifuniko cha chupa.

"Wameanza jalala jipya," alisema mwishowe. "Ng'ambo ya uwanja wa mpira. Lile la zamani wamelizungushia kamba."

Mgongo haukutikisika.

Akaendelea, sauti ikimpungua. Jalala jipya lilikuwa limeshafika kifuani. Jana alipita, akamwona dereva akirudisha tela kinyumenyume hadi ukingoni, kwa uangalifu, akimwaga ili vitu viteremke. Wasichana walikuwa juu. Na chini, peke yake, alikuwa Bi Chupa. Chupa zimeshuka bei, kwa hiyo ameanza kuokota chuma, na Kijiti, kwa kumhurumia, amempa ile kulabu iliyofukuliwa kwenye matope. Mama Fagio alimwambia atoke. Bi Chupa alicheka, akasema hilo bado ni jalala la kunyonya, halijaota hata meno. Mama Fagio akamwambia Kofia, na Kofia akakataza, na wote wakasema sawa mwanangu.

Kitanda kikalia. Dada yake alikuwa akijigeuza, kwa taabu, akiuvuta mguu uliobaki kwa mikono miwili. Mama Fagio akainuka kumsaidia, akazuiwa kwa kiganja. Alipomaliza kugeuka, walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Uso ulikuwa umekonda, macho yamekuwa makubwa.

"Ameanza kuchimba?" aliuliza.

"Kuna meza imezama nusu. Anaivuta mguu."

 Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia changarawe, na wote wawili walisikiliza mpaka alipofika mwisho.

"Anakuwa pale saa ngapi?"

"Saa hizi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Kengele ya wageni ikalia. Watu wakaanza kuinuka, wakaaga wagonjwa wao, viti vikaburutwa sakafuni. Mama Fagio alifunga chupa ya uji, akajifunga khanga vizuri, akataka kusema kitu kuhusu magodoro, kuhusu kigoda barazani, lakini dada yake alimshika kifundo cha mkono, akamvuta karibu.

"Kesho uje tena, mdogo wangu," alisema. "Uje na Bi Chupa. Mwambie naogopa wodi, mwambie lolote litakalomleta. Na keshokutwa uje naye tena."